Sababu ya Kujiondoa

Mimi ni karani wa mizani, Kitangari.
Napima magunia, naandika, nagonga muhuri,
na msimu niliponunua simu ya kioo kipana
nilijiambia: Dadi, umechoka kuwa wa mwisho kujua.

Nikajiandikisha. Ni bure, walisema.
Kijarida cha bei za korosho, kutoka India.
Cha mvua. Cha mvua tena, cha watu wengine,
maana wa kwanza walisema itanyesha, wa pili wakakataa.
Cha salfa na ukungu wa majani.
Cha mashine za kubangua, kutoka Vietinamu,
ambazo chama chetu hakitazinunua mpaka Kiama.
Kisha, sijui kwa mlango upi,
mambo tisa wayafanyayo matajiri kabla ya jua,
namna ya kulala, namna ya kuamka,
na kila Jumatatu, namna ya kupunguza barua pepe.

Kuchele, tunasema huku, kumekucha,
na kabla sijanawa uso zimeshaingia arobaini.
Nazisoma nimeegemea mzani.
Foleni inarefuka hadi kwenye mikorosho.
Bi Fatu Mnali, kakalia gunia lake
asije mtu wa kangomba akamrubuni, anauliza:
Karani, mnada wa jana Tandahimba umefika ngapi?

Nilijua bei ya bandari ya Tutikorini.
Nilijua unyevu wa udongo wa jimbo nisiloweza kulitamka.
Ya Tandahimba, hapo jirani, sikuwa nayo.
Alinitazama kama mtu anavyotazama ndoo yenye tundu.

Zikafika elfu nne mia mbili na sita.
Hazina harufu, hazina uzito.
Zingekuwa magunia ghala lingepasuka
na mwenyekiti angeitisha mkutano.

Sasa nifike pale ninapopakwepa.

Dada yangu Somoe anaishi Mingoyo.
Simu hapigi, ana kigugumizi;
ni kwenye barua ulimi wake hunyooka.
Tarehe tatu aliandika:
*Alhamisi naenda Ndanda, jicho la kushoto, watalipasua.
Basi litafika saa sita. Nisubiri stendi, vibao sivioni.
Usilete kitu. Njoo wewe tu.*

Ilikaa siku kumi na tisa
chini ya nyingine iitwayo *Usikose Hii*.
Hiyo sikuikosa.

Somoe alikaa stendi hadi alasiri
akimwuliza kila mwanamume mrefu: D-D-Dadi?
Haya aliniambia muuza maji. Yeye hajayasema.

Ghalani, tukipima ubora, hatupasui gunia zima.
Tunachota kiasi, kisu kinakata:
nyeupe huku, zenye madoa kule, zilizooza chini.
Usiku ule nilikaa na vijarida vyangu hivyo hivyo,
mbu masikioni, chaji asilimia kumi na moja.

*Una hakika?* Nina hakika.
*Tunasikitika kukuona ukiondoka.* Haya.
*Chagua sababu:* ni nyingi mno, sikuomba, nyingineyo.
Nyingineyo ina kisanduku cha kuandika.
Niliandika: Ndanda.
Mara mia na thelathini na moja, Ndanda, Ndanda,
na huko ughaibuni mashine fulani inayohesabu malalamiko
labda bado inajiuliza huo ni ugonjwa gani.

Nimebakiza ya chama kikuu, yenye bei za mnada,
na ya mvua, ya wale waongo zaidi,
kwa kuwa wanaandika kwa kifupi.

Sisemi nimepona.
Usiku kidole gumba bado huvuta kioo chini,
chini, kama kamba ya kisima kilichokauka.

Jana iliingia moja. Haikuwa na kichwa.
*Jicho linaona. Nimeanza na vitu vidogo,
tundu la sindano, mchwa, maandishi ya chupa ya dawa.
Bado sijakusamehe.
Mabibo yameiva huko?*

Niliandika, yameiva. Nikafuta.
Nikaiweka simu kifudifudi juu ya daftari,
nikamwambia Bi Fatu anisubiri kidogo,
nikatoka nje kuangalia kwanza.